Siku Watani Walipogoma Kuzika

Isome hadi mwisho, kisha umtumie yule ndugu yako ambaye hamsalimiani.

Zamani za mababu wa babu zetu, mfalme mmoja wa milimani alifariki bila kutaja mrithi. Wanawe wawili, Mdoe na mdogo wake Mhando, wakagawana jeshi la baba yao, wakakutana kwenye kivuko cha mto. Atakayekishika kivuko ndiye atakayekalia kiti.

Walipigana siku mbili. Kila jioni, mishale ikikoma, watani walishuka kuzika. Ndiyo kazi ya mtani tangu enzi: kukutania ukiwa hai, kukuzika ukifa. Na damu yake ni mwiko kumwagwa.

Kiongozi wao, Semkiwa, alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, lakini siku hizo mbili hakucheka. Alikuwa na mabinti wawili, mmoja ameolewa upande huu wa mto, mwingine upande ule. Kila maiti aliyoigeuza, moyo ulimlipuka akidhani ni mkwe wake. Mpaka jioni ya pili wakwe wote wawili walikuwa hai. Siku ya tatu hakuiamini hata kidogo.

Alfajiri, majeshi yakiwa yamejipanga, Semkiwa akaingia katikati na jembe begani.

"Mdoe! Njoo nikupime! Kaburi lako nataka nilianze mapema, kwa kitambi hicho nitachimba mpaka kesho!"

Askari wakaangua kicheko. Mlinzi mmoja akavuta upinde.

"Mwache," Mdoe akasema, amenuna. "Mtani huyo."

"Na wewe Mhando usicheke. Kimo hicho nitakufukia kwa mkono mmoja!"

Kicheko kikazidi. Hapo Semkiwa akalitupa jembe chini, na mzaha ukamtoka usoni.

"Leo siziki mtu. Wala mtani yeyote hatazika. Maiti kumi na tisa za jana, ambazo giza lilitukuta hatujazizika, ziko pale mchangani. Nyinyi mnaojua kuua, zikeni wenyewe."

Watu wakaduwaa. Hakuna aliyewahi kusikia watani wakigoma. Kuziacha maiti juani ilikuwa laana, na kupigana juu yake ni laana kubwa zaidi.

Mdoe akashuka, akaliokota jembe. Mhando, asije akaonekana mwoga, naye akashuka, akachukua jembe la mtani mwingine. Wakachimba bila kutazamana. Kisha wakaiendea maiti ya kwanza, iliyolala kifudifudi.

"Shika miguu," Mhando akasema.

Wakaigeuza. Alikuwa Hoza, mchungaji wa baba yao, aliyewabeba wote wawili mgongoni walipokuwa wadogo.

"Alikuwa upande wako?" Mdoe akauliza.

"Mimi nilidhani yuko kwako, kaka."

Mdoe akaketi kwenye udongo, akalia kwa sauti mbele ya jeshi zima. Mhando akamshika bega, naye akashindwa kujizuia.

Siku hiyo hakuna mshale uliorushwa. Askari wa pande zote walipokezana majembe mpaka maiti zote zikazikwa. Ndugu wale wakazungumza siku sita, wakakubaliana mto uwe mpaka, kila mmoja atawale upande wake, na kivuko kiwe cha wote.

Semkiwa aliwaona wakwe zake wakila chungu kimoja. Kwa heshima ya ukwe hakuwasogelea. Alisimama mbali, akalia kwa furaha.

Funzo: Ndugu wakigombana, usiwafichie madhara ya ugomvi wao, waache wayaguse kwa mikono yao wenyewe, ndipo watakapokumbuka kwamba ni ndugu.