Mpera Ndani ya Blanketi

Paukwa!

— Pakawa!

Jiwe!

— La pimbi!

Bonde!

— La ngiri!

Na mti?

— Hatujui!

Hata mimi sikujua, mpaka nilipoisikia hadithi yote. Basi sogeeni. Wakubwa msisinzie, watoto msibanane.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, alikuwapo pimbi mmoja aliyeitwa Mama Mashavu, kwa sababu binti yake wa kwanza aliitwa Mashavu. Walikaa juu ya mlima wa mawe. Mawe mbele, mawe nyuma, mawe kushoto, mawe kulia. Udongo wa kupandia haukuwapo.

Chini ya mlima kulikuwa na bonde, na bonde lote lilikuwa la Ngiri. Lilijaa mipera. Kila kiangazi, majani yakikauka huko juu, Mama Mashavu alishuka na watoto wake kuomba. Ngiri aliwatupia mapera yaliyooza. Pu! Pu! Nao waliokota, wakashukuru, wakapanda mlima.

Kiangazi kimoja Ngiri akamtazama Mashavu toka kichwani hadi miguuni. Akasema, "Mama Mashavu, kuomba huku kuna mwisho. Binti yako akishaota meno marefu ya mbele, mkija tena kuniomba, hapandi naye mtu. Atabaki hapa anichimbie mashimo. Mimi mgongo unaniuma."

"Mzee Ngiri, huyu bado mtoto."

"Ndiyo maana nikasema akishaota meno. Kwani mimi katili?"

Mama Mashavu akamshika binti yake mkono, akapanda mlima.

Sasa, pimbi wana desturi yao. Msicheke. Pimbi wote wa mlima mmoja huenda choo mahali pamoja, tangu enzi za babu zao. Asubuhi moja Mashavu alikwenda huko, akarudi mbio. Tipu, tipu, tipu!

"Mama! Mti umeota chooni!"

Kweli. Mbegu za mapera ya Ngiri zililiwa, zikapita, zikamea. Mche mdogo wa mpera, majani manne, unatikisika.

"Tutaupanda wapi, mama? Hapa hakuna udongo."

Mama Mashavu akakuna kichwa. Kwaru, kwaru. Hakujua.

Akaenda kwa Fundi Mnana, yule ndege anayefuma nyumba. Fundi alikuwa na kipande cha blanketi zito, lililoangushwa na wapita njia. Akalikunja, akalishona. Choma, vuta. Choma, vuta. Akatoa mfuko mpana, wenye masikio mawili ya kushikia.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Chungu."

"Chungu cha blanketi?"

"Chungu cha blanketi. Tia udongo, panda mti."

"Maji hayatavuja?"

"Yatavuja."

"Sasa?"

"Sasa yaache yavuje. Mwagilia asubuhi, mwagilia jioni. Mama, nyumba yangu mimi imejaa matundu, na watoto wangu wazima." Akaruka. Purrr!

Mama Mashavu akakuna kichwa. Kwaru, kwaru. Hakuelewa.

Lakini alifanya. Alikwangua mchanga kwenye nyufa za mawe. Aliokota majani yaliyooza. Alichukua samadi ya zamani kule mnakokujua. Akachanganya, akajaza, akapanda. Asubuhi akamwagilia, jioni akamwagilia. Maji yakapenya kwenye blanketi. Ta, ta, ta. Mpera ukakua. Misimu ikapita, mti ukamzidi Mashavu urefu. Na Mashavu naye meno yakaanza kuchomoza.

Akaja Kima. "Jirani! Mti wako unajikojolea!"

Akaja Kenge. Akautazama mfuko, akatoa ulimi, akaurudisha. "Hilo ni jasho. Mti una homa. Mgonjwa wa homa kwenu anafanywaje?"

"Kwetu anafunikwa."

"Basi unangoja nini, mama?"

Nanyi mwajua, hakuna anayeogopa upepo kama pimbi. Upepo ukivuma, pimbi hurundikana pangoni, huyu juu ya huyu, na wa mwisho huziba mlango kwa makalio yake. Kwa pimbi, kupenda ni kufunika. Basi Mama Mashavu akachota udongo wa mfinyanzi shimoni, akaupaka mfuko pande zote. Paka, paka, paka. Hakuacha hata tundu la kupita sisimizi. Maji yakaacha kuvuja. Kima akapiga makofi.

Baada ya siku chache, jani moja likawa la manjano. Mama Mashavu akaongeza maji. Majani yakazidi kuwa ya manjano. Akaongeza maji. Majani yakaanguka.

"Umeuzidishia maji," akasema Kenge.

"Umeupunja maji," akasema Kima.

"Kenge, si wewe uliyeniambia niufunike?"

"Nilisema uufunike, sikusema uuue!"

Mama Mashavu akakaa chini karibu na mti, akaimba:

*Mpera wangu, una nini?*
*Nikikuacha, unalia,*
*Nikikufunika, unanyauka,*
*Mpera wangu, nikufanyeje?*

Jani jingine likaanguka. Na Mashavu naye alikuwa ameacha kucheka. Kila akizungumza, aliweka mkono mdomoni. Hakutaka mtu ayaone meno yake. Hata mama yake.

Siku moja ukaja upepo mkubwa. Vuuu! Pimbi wote wakakimbilia pangoni, wakarundikana. Mama Mashavu akasikia nje, gubu! Mfuko umeanguka. Akatoka.

"Mama, rudi! Upepo utakuua!"

Hakurudi. Akakuta mfuko umelala ubavu, udongo wa mfinyanzi upande mmoja umepasuka na kubanduka wote. Akausimamisha, huku anatetemeka meno yanagongana. Akatafuta udongo wa mfinyanzi wa kuziba. Lakini jua la siku hizo lilikuwa kali, shimo la udongo ule limekauka. Akauacha vile vile, akalia.

Siku zikapita. Akaja kuutazama. Upande uliobanduka, matawi yalichipua majani mabichi. Upande uliofunikwa, matawi ya manjano, makavu.

Mti mmoja, pande mbili! Ndiyo nini hii? Kwaru, kwaru. Mgonjwa aliyeachwa uchi amepona, na aliyefunikwa anakufa?

Akafukua kidogo kwa kucha, upande ulio wazi. Mizizi ilifika kwenye blanketi, ikakutana na upepo, ncha zikakauka. Nyuma ya ncha zile ilikuwa imechipua mizizi mingine, mingi, myeupe, kama sharubu. Akafukua upande uliofunikwa. Mzizi mmoja mrefu ulikuwa unazunguka, unazunguka, unatafuta pa kutokea. Mweusi. Unanuka.

Mama Mashavu akaacha kufukua. Akakumbuka nyumba ya Fundi Mnana, ile yenye matundu.

"Mwanangu," akasema, "upepo unatuua sisi. Yeye ndio anaoupumua. Nilimfunika kama pimbi. Kumbe si pimbi."

Akabandua udongo wote wa mfinyanzi. Akakata mzizi mweusi kwa meno yake. Asubuhi akamwagilia, jioni akamwagilia. Ta, ta, ta.

"Jirani, unavuja!" akapiga kelele Kima.

"Uvuje!"

Mpera ukachipua pande zote. Ukatoa maua. Ukatoa mapera.

Kiangazi kikaja. Ngiri akangoja bondeni na mapera yake mabovu. Akangoja. Hakushuka mtu. Mwisho akapanda mlima mwenyewe, anahema. Hoo! Hoo!

"Mama Mashavu! Binti ameota meno au hajaota?"

"Mashavu, mwoneshe Mzee meno."

Mashavu akamtazama mama yake. Akatoa mkono mdomoni polepole. Meno marefu, meupe, yanang'aa.

"Haya!" akasema Ngiri. "Twende."

Mashavu akanyoosha shingo, akachuma pera la manjano, akalikita meno yale yale. Kwachu! Maji yakamchuruzika kidevuni.

Mama Mashavu akasema, "Mzee Ngiri, ulisema tukija tena kuomba. Hatukuja. Umekuja wewe."

"Mpera huu ni wangu! Mbegu ni yangu!"

"Mbegu yako tuliiokota chooni. Kama imebaki nyingine, choo kiko kule, kaitafute."

Pimbi wakacheka mpaka wakaporomoka kwenye mawe. Ngiri akauzunguka mti. Akaunusa mfuko.

"Umepandwa ardhini?"

"Hapana."

"Unaning'inia hewani?"

"Hapana."

"Sasa uko wapi?"

"Uko kwetu."

Ngiri akakuna kichwa. Kwaru, kwaru. Hakuelewa. Mashavu akamchumia pera moja, bivu, zima, bila doa. Ngiri akalipokea, akashuka nalo, kila hatua anageuka kutazama nyuma.

Wenzangu, kumpenda mtu si kumfanyia kile kinachokufaa wewe. Mtazame kwanza yeye anapumua vipi. Ndipo umfunike, au umfunue.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe. Nimewaachia mbegu. Mwenye blanketi kuukuu na ashone.