Popo Alivyopigwa kwa Kosa la Nzi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya usingizi siitaki. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni, watoto kwa wakubwa. Hadithi ya leo naisimulia kwa hasira, na ninyi isikilizeni kwa hasira.

Zamani hizo za kale, wanyama walilima mapera. Bonde zima mapera. Shamba la Nungunungu huku, shamba la Nyani kule, katikati kijito. Mapera ndiyo yaliyokuwa chakula chao. Yakikosekana, watoto wanalala na njaa.

Mwaka mmoja mapera yakaoza mtini. Kwa nje manjano, yananukia. Ukiuma, kwacha! Ndani funza watupu, weupe, wanajinyonganyonga. Yakadondoka, pu! pu! pu! Watoto wa Nungunungu wakalia njaa, na mama yao akalia nao.

Nyani akapanda juu ya jiwe, akapayuka: "Mnauliza nini? Ni Popo! Nani mwingine anazunguka kwenye matunda usiku? Yeye ndiye anayeyatoboa!"

"Ni Popo! Ni Popo!" wakaitikia wanyama.

Hakuna aliyeuliza, "Umemwona?" Hakuna!

Wakaokota mawe. Popo alikuwa amelala mchana ule, ananing'inia, mwanawe kifuani. Pa! Pa! Pa! Jiwe moja likampasua bawa, chwaaa!

"Jamani, nimefanya nini?" akalia Popo.

"Toka! Mharibifu! Toka!"

Nungunungu naye alikuwepo. Naye alitupa jiwe.

Popo akajikokota na mwanawe mpaka pangoni, nyuma ya kilima. Wanyama wakapangusa mikono, wakangoja mapera mazima. Mapera yakaiva. Wakauma. Kwacha! Funza.

Nungunungu akasimama na pera lake. Miba ikamsimama, shashashasha!

"Popo hayupo," akasema. "Basi ni nani?"

Akachukua pera lenye funza, akalitia kwenye chungu chenye udongo, akafunika kwa kitambaa, akakaza kamba. Kila asubuhi akachungulia. Funza wakatoka kwenye pera, wakazama udongoni. Kimya. Kimya. Halafu siku moja, vuuu! Nzi! Nzi wadogo wa rangi ya asali wamejaa chunguni.

Akaenda kuketi penye mpera, akakodolea macho pera bichi. Nzi akaja, akatua, akainamisha mkia, chu! Akachoma ganda, akataga mayai ndani, akaruka. Akaja mwingine. Akaja mwingine. Wote wanatoka ng'ambo ya kijito.

Nungunungu akavuka. Lo! Chini ya mipera ya Nyani, mapera yaliyooza yamelala marundo kwa marundo, na nzi wanaibuka udongoni kama moshi.

"Nyani! Nzi wanaotumaliza wanazaliwa hapa kwako!"

Nyani akajikuna. "Najua."

"Unajua?"

"Nimewaona zamani. Lakini kuokota mapera yote haya na kuyafukia, Bi Nungunungu, hiyo ni kazi kweli! Kumpigia Popo kelele ni rahisi."

Nungunungu akapiga ukelele wa hasira, bonde likatetemeka. Wanyama wakaja mbio. Waliposikia habari, wakainama kuokota mawe wampige Nyani.

"Yaacheni!" akafoka Nungunungu. "Mawe tulishayatupa, yakampata nani? Na nani kati yenu shamba lake ni safi? Hata kwangu mapera yanaoza chini. Nyani, shika jembe. Sote tushike majembe!"

Wakachimba, chimba, chimba, mashimo marefu ya kwenda chini. Kila pera lililodondoka likafukiwa, udongo ukashindiliwa, ndi! ndi! ndi! Nzi asipate pa kutokea. Nyani akalalamikia malengelenge. Akaambiwa, "Chimba." Wakawaita na majimoto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani, wakae mitini na kuwafukuza nzi. Wanyama wakapita shamba kwa shamba, hawakuacha hata moja.

Msimu uliofuata mapera yakaiva. Kwacha! Ndani safi, matamu. Wanyama wakacheza ngoma. Nungunungu hakucheza. Alijaza kapu, akamkamata Nyani mkono, wakaenda pangoni.

"Mama Popo," akasema, "tulikuonea. Mimi mwenyewe nilitupa jiwe. Nisamehe. Tumekuletea mapera. Rudi nyumbani."

Popo akalitazama kapu. Akakunjua bawa lake polepole. Lilikuwa limechanika katikati, mwanga ukapenya.

"Mapera yenu yamepona," akasema. "Bawa langu je?"

Nungunungu akaliweka kapu chini, akainamisha kichwa. Na Nyani, yule mpiga kelele, akajificha nyuma yake.

Basi sikieni. Shamba likiharibika, chunguza kabla hujamshika mtu. Matunda yaliyooza yafukieni, kila mmoja kwake, maana nzi hajui mpaka wa shamba. Na ukimuumiza asiye na kosa, kuomba radhi kwako hakushoni bawa.

Hapa ndipo hadithi yangu inapoishia. Hasira yangu bado.