Maji ya Tatu

Alitawala zamani katika mji wa Barzangi, mji wa milimani usio na pwani wala mto ila kijito kimoja, Sultani Mardhuki bin Hafidhi, na alikuwa sultani mwema kwa kadiri masultani wanavyoweza kuwa wema, yaani hakupenda kumhukumu mtu kabla ya kustaftahi. Na katika mambo yote ya ufalme wake hakuna lililomfurahisha kama Siku ya Majoho, siku ambayo kila mwaka aliwaita watu wa elimu barazani na kuwavika majoho ya hariri kwa yale waliyoyavumbua. Mwaka mmoja alivikwa joho aliyevumbua manukato ya farasi, na mwaka wa pili akavikwa aliyetunga kasida ya kuyasifu majoho, na mwaka wa tatu akavikwa aliyeandika sharhi ya kasida hiyo, na farasi peke yao ndio walioona faida.

Na nje ya ukuta wa mji, katika tanuri la chokaa lililoachwa, aliishi mwanamke jina lake Thuwaiba binti Masudi. Baba yake alikuwa mpiga chokaa, naye ndiye aliyemfundisha kuchoma mawe na kuyazima kwa maji. Mama yake alikufa Thuwaiba akiwa na miaka tisa, katika njaa ya kwanza, kwa kula ndiga. Ndiga ni kiazi cha mwitu kinachostawi milimani hata mvua isiponyesha, na kimejaa sumu. Asiyejua kukitengeneza humlewesha, kisha humkaza taya, kisha humuua. Mama yake aliiosha kwa maji mara mbili, kama majirani walivyomwambia, akala yeye kwanza ili aone kama inamfaa mtoto. Haikufaa.

Tangu hapo Thuwaiba alikuwa na swali moja tu duniani, na alipokuwa mtu mzima na baba yake naye amekwenda zake, akajifungia na swali hilo ndani ya tanuri kwa miaka kumi na mmoja. Alikata ndiga na kuiloweka na kuichemsha na kuianika, na akamlisha kuku, na kuku akifa akamzika, na kuku akipona akala yeye mwenyewe. Harufu ilimtangulia sokoni, na wanawake wakamwita Bi Uvundo, na wanaume wawili waliokuja kumposa walifika mpaka kwenye mitungi ya kulowekea, wakakumbuka kwamba wana shughuli. Elimu ile leo tunaiita kemia na tunawatishia nayo watoto wa sekondari. Siku zile haikuwa na jina, na aliyeifanya hakuwa na jina pia, isipokuwa hilo la uvundo.

Katika miaka yote hiyo alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na huyo hakuwa mtu. Alikuwa jini.

Alimpata ndani ya kinu kikuukuu alichokinunua mnadani mwaka wa pili. Mchi wa kwanza ulipotua, sauti kama ngurumo ikalia kutoka ndani, "Ewe binti Adamu, taratibu! Hicho ni kichwa changu!" na moshi ukapanda mpaka darini, na katika moshi akatokea jini mwenye pembe saba, akainama kwa taadhima na kusema, "Mimi ni Kashkarani bin Barkashi, niliyefungwa humu na mfalme wa majini kwa kiburi changu, na nitamtumikia kila mwenye kinu hiki, hadi siku jina lake litakapotangazwa kwa haki mbele ya sultani na raia wake, kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Miaka mia tatu sasa, na waliokimiliki wote wametaka kasri nizijenge mimi, kwa hiyo bado nipo. Amri yako, bibi yangu. Kasri? Dhahabu? Mume?"

"Sumu ya ndiga imekaa wapi," akauliza Thuwaiba, "na inatokaje?"

Jini akakuna pembe moja. "Naweza kuung'oa mlima mzima wenye ndiga nikakuletea hapa mlangoni."

"Sikukuuliza hivyo."

"Bibi yangu, sisi majini tunabeba vitu. Vimeundwa kwa nini, hatukufundishwa."

"Basi kaa, unihesabie."

Akakaa akahesabu, siku za kuloweka na vipande na kuku, wazima na wafu, na hakukosea hata mara moja. Na kila asubuhi, kabla ya kushusha mchi, Thuwaiba alisema, "Samahani," na Kashkarani akajibu kutoka ndani, "Nimekusamehe, endelea." Kwa watu wenye nyumba zilizojaa ndugu hayo si maongezi. Kwa Thuwaiba yalikuwa baraza, na karamu, na Idi mbili za mwaka.

Mwaka wa kumi na mmoja akapata. Maji ya kwanza ni ya kisima, siku moja. Ya pili ni maji ya majivu, siku mbili. Na ya tatu ni maji yanayotembea, ya kijito, mpaka kipande kikiwekwa juu ya ulimi na mtu akahesabu mia, kisichome. Na yale maji ya kwanza, yaliyotoka mazito kama ute wa bamia, alipoyachanganya na chokaa ya baba yake, chokaa ikashika hata birika la kuwekea maji lililopakwa halikuvuja tone. Chakula na birika katika kiazi kimoja, na ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Akabeba unga kikapuni na kibirika kimoja mkononi, akaenda Nyumba ya Hikma, kwa mkuu wake, mwanachuoni Fadhluni, mtu mwenye majoho manne na lakabu tisa, akamweleza maji yote matatu.

"Umesoma wapi?" akauliza Fadhluni, ameziba pua kwa leso.

"Kwenye tanuri."

"Na nani shahidi wa kazi yako?"

"Kuku."

"Acha hapa," akasema. "Tutaliangalia."

Wakaliangalia. Mwezi haujaisha, asubuhi ya Siku ya Majoho, mpiga mbiu akapita hadi nje ya ukuta kutangaza kwamba leo mwanachuoni Fadhluni atavikwa joho la tano, kwa Unga wa Fadhluni na Chokaa ya Fadhluni, na kwamba sufuria mia zimekwisha kupikwa, na watu wote wa Barzangi watakula barazani, Sultani akishatia tonge la kwanza.

Kashkarani akachomoza pembe kinuni. "Umesikia, bibi yangu? Vaa buibui twende."

"Kufanya nini? Joho la hariri kwenye tanuri la chokaa! Siku mbili litakuwa dekio."

"Ni kazi yako."

"Watu watakula, basi. Wakila wakashiba, tumbo litauliza nani aliyepika?"

"Bibi yangu," akasema jini taratibu, "ukitajwa wewe, mimi nafunguliwa."

Thuwaiba akapanga vipande vya ndiga ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. "Miaka mia tatu umevumilia," akasema. "Mmoja zaidi utakuua?"

"Neno hilo si zuri."

"Najua."

Kutoka nje wakamsikia mpiga mbiu akiimba njia ya kutengeneza ndiga, ili kila nyumba iihifadhi, kama alivyoitunga Fadhluni mwenyewe kwa beti:

"Enyi watu wa fadhili,
ndiga menyeni kamili,
iosheni kwa mawili
maji, na njaa ikome."

Kipande kikamponyoka Thuwaiba mkononi. "Amesema mangapi?"

"Mawili," akasema Kashkarani, ambaye katika kuhesabu hakosei.

Hakuvaa buibui. Alijitwika kinu kichwani na akaenda mbio na harufu yake yote, na watu wakampisha.

Mlangoni pa baraza walinzi wakaziba pua, wakataka kumfungia mlango, basi akakitua kinu kizingitini. Walinzi wanne wakakisukuma, kisha wanane, na kinu hakikusogea, maana ndani yake alikuwa amekaa aliyeweza kung'oa milima. Mlango haukufungika. Na kule ndani watu wote wa Barzangi walikuwa wameketi mbele ya sinia, wamenawa mikono, macho kwa Sultani, na Sultani alikuwa ameshika tonge.

"Bwana wangu, usile!" akapiga kelele Thuwaiba. "Asile mtu!"

Tonge likasimama hewani. "Ni nani huyu?" akauliza Sultani.

"Mwenda wazimu wa tanurini, Ewe Kivuli cha Rehema," akasema Fadhluni, joho la tano tayari mabegani. "Bi Uvundo. Ana wivu wa elimu."

"Bwana wangu, ndiga hiyo imeoshwa kwa maji mawili. Ni matatu. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

Fadhluni akatabasamu kwa huruma, kama wanavyotabasamu watu waliozoea kusikilizwa. "Bibi, shairi lina kanuni zake. Vina vyangu ni fadhili, kamili, mawili. Matatu halina kina."

"Halina?" akasema Thuwaiba. "Watu. Matatu, watu. Hukuwakumbuka tu."

Mshairi mzee wa kona ya nyuma akasikika akisema, "Lahaula, kweli kina," na jirani yake akampiga kiwiko.

"Kipimo ni chepesi," akaendelea Thuwaiba. "Mwenye unga na aweke kipande kimoja juu ya ulimi wake, asimeze, tuhesabu mia. Kisipomchoma, nitupeni gerezani."

Na Fadhluni, ambaye alikwisha kuliamini shairi lake kwa kuwa lilikuwa zuri, akamega kipande siniani kwa ncha za vidole akakiweka ulimini. Na kutoka kinuni, bila kuonekana mtu, sauti nzito ikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye kumi na tano Fadhluni alikuwa bado anatabasamu. Kwenye thelathini na moja machozi yakamtoka. Kwenye arobaini akataka kusema kwamba amepaliwa na mate tu, na yaliyotoka ni "nanenanwa na nanje nu," na ulimi wake ukajaa kinywa kama ndimi tatu. Akatema. Akaletewa ndoo, na hakufa, ila kwa siku nne hakuweza kutamka hata lakabu yake moja, na waliofanya kazi Nyumba ya Hikma wanazikumbuka siku hizo kwa mapenzi. Sauti ya kinuni ikaendelea kuhesabu bila haraka, kwa kuwa haikuambiwa iache.

Sultani akalirudisha tonge siniani polepole, akaangalia watoto walioketi mbele ya sinia zao.

"Bibi," akasema, na sasa hakuwa na sauti ya kisultani, "ulijuaje kwamba mawili hayatoshi?"

"Mama yangu alikula ya maji mawili."

Sultani akasimama, akamvua Fadhluni joho kwa mkono wake, akashuka ngazi mpaka kizingitini. "Basi taja jina lako, nilitangaze mbele ya watu wangu. Maana leo kama ndimi za watu hawa zingeungua, ningemwuliza nani? Ningebisha mlango upi? Nimegawa majoho miaka ishirini, na sikujua kuwa nagawa anwani."

Thuwaiba akakigeukia kinu. Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa kinu, na chini ya kiganja mti ulikuwa na joto, kama siku zote. Akaufikiria ule mlango wa tanuri, na mitungi, na asubuhi. Sultani akangoja. Watu wakangoja. Tisini na saba, ikasema sauti, chini kabisa sasa. Tisini na nane. Tisini na tisa.

Kisha, "Bibi yangu, mia imetimia."

"Thuwaiba," akasema. "Binti Masudi mpiga chokaa. Na mama yangu aliitwa Zainuni, mtaje na yeye."

Sultani akamvika joho, akayatangaza majina hayo mara tatu, na watu wakayaitikia mara tatu, na moshi mwembamba ukatoka kinuni wenye harufu ya mvua, ukapita karibu na sikio la Thuwaiba. "Samahani," ukasema.

"Nimekusamehe," akajibu Thuwaiba. "Endelea."

Na ukaendelea, juu ya ukuta na juu ya milima, na walinzi walipokisukuma tena kinu kikaanguka ubavu, maana kilikuwa mti mtupu.

Sasa hekaya zina desturi ya kumwoza mtu mahali hapa, na kwa hakika Sultani, ambaye alizoea kumlipa kwa ndoa mwanamke aliyezidi thamani ya joho, alimposa palepale. "Bwana wangu, umenipa heshima kubwa," akasema Thuwaiba, "lakini mimi nimekuja kwa ajili ya maji. Nipe kijito, na watu ishirini wa kuosha, na zile sufuria zimwagwe mbali na mifugo." Akapewa, na mali juu yake, na waliooana mwaka ule ni waoshaji wawili wa kijitoni waliozoeana harufu. Barzangi ikaivuka njaa, na mabirika yake yakashika maji ya mvua ilipokuja. Joho la hariri likawa dekio, ila si kwa siku mbili, lilichukua nne.

Na mlango wa tanuri, ambao ulibishwa mara mbili tu katika miaka kumi na mmoja, ukawa unabishwa kutwa. "Hodi! Ni hapa kwa Bi Thuwaiba wa maji matatu? Yangu bado inachoma kwenye sitini." Akawakaribisha, akawajibu, akahesabu mwenyewe, na mara nyingine akakosea. Lakini walikuja mchana. Asubuhi, kabla hajafika mtu, aliinua mchi juu ya kinu, akasema, "Samahani," na akangoja kidogo, kisha akatwanga, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza kichwa.

Hekaya yangu imefika ukingoni. Ikiwa imekupendeza, usinivike chochote. Nenda uulize nani aliyekifanya kilichomo sahanini mwako kisikudhuru, na ukimpata, mwite kwa jina lake.