Dimbwi la Mjane

Sikilizeni, ndugu zangu. Katika bonde moja la mpunga aliishi mjane mwenye jaruba moja tu, na kwenye kona ya jaruba hilo kulikuwa na dimbwi, upana wake hatua nne. Marehemu mumewe ndiye aliyelichimba, ili maji ya mfereji yatulie humo kabla ya kuifikia miche. Vyura walizaliana humo. Majani yaliota pembeni, naye hakuyang'oa.

Majirani walikuwa wamekwisha kufukia madimbwi yao, wapate mistari miwili zaidi ya mpunga. Shemeji yake, aliyepakana naye, alipeleka maneno kwa wazee wa ukoo kwamba huyu mwanamke anaichezea ardhi ya marehemu. Wazee wakaamua: siku ya mavuno watakuja kutazama, na akivuna pungufu kuliko shemeji yake, jaruba litarudi kwa ukoo. Mjane yule alikuwa na watoto watatu, na hakuwa na kipande kingine cha ardhi duniani.

"Shemeji," yule bwana akamwambia kutoka juu ya tuta, "siku hizi unafuga vyura?"

"Ni vibarua wangu, shemeji. Hawaombi hata uji."

Bonde zima likacheka. Lakini alipobaki peke yake alichukua jembe, akasimama ukingoni. Hatua nne tu. Akifukia, atakuwa salama. Wewe ungefanyaje? Viluwiluwi walikuwa wakichezacheza majini, weusi, wengi, hawana habari. Akaliweka jembe chini.

Mpunga ulipokaribia kutoa masuke, wakaja nondo weupe, kama unga uliopeperushwa. Wakataga, na funza wakaingia ndani ya mabua. Watu walipiga dawa, wakarudia. Dawa ikabaki nje ya bua, funza yuko ndani anakula. Masuke yakatoka yamesimama wima, meupe, hayana punje. Kwa mjane nondo walitua vilevile. Ila huko, chini ya mabua, vinywa vilikuwa vikiwasubiri.

Wazee wakaja. Rundo la shemeji liliishia magotini. La mjane lilimzidi yeye mwenyewe kimo, na vigelegele vya wanawake vikasikika ng'ambo ya mto. Mkubwa wa ukoo akatangaza mbele ya wote kuwa jaruba ni lake, na la watoto wake.

Ndipo shemeji akasogea, kofia mkononi, akaomba msimu ujao amgawie vyura, japo ndoo moja.

Mjane akamtazama. "Chimba dimbwi, shemeji. Watakuja wenyewe."

Mnacheka? Sisi tunakuja hapa kila juma na ndoo zetu. Tunamwambia Mungu, jaza. Tunaomba amani majumbani, na huko nyumbani kila kona tumeipanda, hata saa moja ya kumsikiliza mtoto hatukuiacha. Nani aliyefukia? Si adui. Ni sisi, kwa majembe yetu, kwa ajili ya mistari miwili. Basi nendeni mkachimbe. Mungu hajachoka kuleta.