Bi Kiboko Alivyoufunga Mto

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale, mvua ilikuwa bado haijajifunza kushika miadi, na hata leo haijajifunza. Katika Mto Ruvumbe, pale mto unapotoka milimani na kuingia bondeni, aliishi Kiboko mmoja jike. Wanyama walimwita Bi Kiboko. Alikuwa na mtoto mmoja tu.

Mwaka mmoja masika hayakuja. Wakangoja vuli. Vuli nayo haikuja. Mto ukapungua, ukapungua, ukapungua, ukawa tope. Ngozi ya mtoto wa Kiboko ikachanika kwa jua. Mama akamsiriba tope. Tope likakauka. Mtoto akafa.

Bi Kiboko hakulia. Mvua ndogo iliponyesha, akawaita wanyama.

"Tujenge bwawa," akasema. "Maji yasipite tena hivi hivi."

Wakajenga. Tembo akavuta magogo, kru! kru! Nyati wakakanyaga udongo, vu! vu! vu! Kuro dume, swala mkubwa wa kando ya maji, aliyekaa bondeni na jamaa zake, akasukuma mawe kwa pembe mpaka shingo ikavimba. Katikati ya tuta wakaacha lango, wakaliziba kwa gogo moja kubwa.

"Nani atashika lango?"

"Bi Kiboko!" Wote wakakubali.

Masika yaliyofuata yakaja. Bwawa likajaa nusu. Kuro akapanda kutoka bondeni.

"Hodi, Bi Kiboko."

"Karibu."

"Kwetu mto umekatika. Majani yanakauka. Tufungulie kidogo."

"Hapana."

"Dada, hata mimi nilisukuma mawe."

"Hujui mwaka utaishaje, Kuro."

"Wewe unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana sifungui."

Kuro akashuka mikono mitupu. Maji yakaendelea kupanda, taratibu, taratibu, mpaka karibu na ukingo wa tuta. Bi Kiboko akayatazama. Tangu mtoto wake afe hakuwa amepata usingizi. Sasa akalala, tena akakoroma.

Siku moja asubuhi Mbayuwayu akafika kutoka milimani, anahema.

"Bi Kiboko! Huko juu mawingu ni meusi tii! Inua gogo, maji yapungue, mengine yapate pa kukaa!"

"Niyamwage? Maji haya?"

"Bwawa limejaa. Yanayokuja yataingia wapi?"

"Mwanangu alipokufa kwa ukame, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilihama," akasema Mbayuwayu. "Nina mbawa."

"Basi hama tena."

Bi Kiboko akaenda kuliegemea gogo, asije mtu akalifungua.

Alasiri maji ya milimani yakaja. Guuuu! Tuta likatetemeka. Bi Kiboko akalisikia mgongoni mwake, na hapo ndipo akaogopa. Akaligeukia gogo, akajaribu kuliinua. Halikuinuka. Maji yalikuwa yamelibana.

"Tembo! Tembo, njoo!"

Tembo akaja mbio. Wakavuta. Wakavuta tena. Tuta likapasuka, bwaaa!

Bondeni, jamaa za Kuro walikuwa ndani ya mto mkavu. Ndiko kulikobaki majani mabichi. Maji yakawakuta humo.

Bi Kiboko akashuka mpaka kwa Kuro. Akamkuta amesimama kwenye matope.

"Kuro, niliogopa ukame."

"Najua."

"Nilipoteza mmoja."

"Mimi sijamaliza kuhesabu," akasema Kuro.

Bi Kiboko akainama, akaanza kumsaidia kutafuta.

Maji yote yakaenda zake. Kiangazi kikaingia, bwawa tupu. Wanyama wakakutana tena, wakajenga tena, mara hii na lango pana zaidi. Likaja swali lile lile: nani atashika lango?



"Bi Kiboko," akasema Kuro. Wote wakamgeukia. "Lakini si peke yake. Mbayuwayu alete habari za juu. Mimi nilete za chini. Mawingu yakiwa meusi, tufungue mapema. Mbingu ikikauka, tufunge, na kila mmoja apunguze, Tembo kwa Ngiri. Pasiwe na mwenye fungu la kudumu. Tugawane kilichopo."

Wakafanya hivyo. Kuna mwaka walifungua, na mvua ikapita kando. Wakamsema sana Mbayuwayu. Wakashinda na njaa, lakini hawakufa. Mwaka mwingine mafuriko yakaja, yakapita langoni, shwaa, yakaenda zake.

Kisha ukame mkubwa ukarudi. Tembo akaacha kuoga maji, akaoga vumbi. Bwawa likashuka mpaka tumboni mwa Bi Kiboko, mgongo wake ukaungua juani. Akaliinua gogo, maji yakateremka bondeni kama uzi.

"Yatosha," akasema Kuro. "Funga. Na wewe unaungua."

"Bado kidogo," akasema Bi Kiboko. "Wako hawajanywa wote."

Akalishikilia gogo mpaka wa mwisho alipoinua kichwa.

Basi mafunzo yake ni haya. Mvua ya mwaka huu si ya mwaka jana. Mwenye kushika maji ya wengi asiyashike kwa hofu yake mwenyewe; asikilize walio juu, asikilize walio chini, na abadilike mwaka unapobadilika.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia na aibebe.