Konokono Aliyeuchora Mto

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma, mmekula mkashiba, mbona sauti hazitoki? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa naona mpo.

Hapo zamani za kale kiangazi kilikaza. Mto wa wanyama ukakauka, kikabaki kisima kimoja, mlinzi wake Tembo. Wenye miguu walikwenda kunywa, wakarudi. Konokono je? Safari moja, siku tatu. Alikuwa anakauka.

Tembo akatangaza shindano. "Kila mmoja achore kwenye jiwe lake. Mshindi atahamia ukingoni mwa kisima."

Nyani akachora kwa udongo mwekundu. Kanga akachora kwa majivu. Konokono hana mkono, hana rangi, ana ute wake tu. Akapanda jiwe, taratiibu, taratiibu. Kila mstari ulikunywa maji ya mwili wake.

"Dada Konokono, unachora au unatembea?" Nyani akamuuliza.

"Vyote viwili, kaka."

Asubuhi ya hukumu Tembo akapita, ndu, ndu, ndu. Akafika kwa Konokono. Jiwe tupu! Masikini, alichora upande wa machweo, na asubuhi upande ule ni kivuli kitupu. Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa, Fisi akakaa chini.

"Mzee Tembo, nisubirie jua lipinduke," Konokono akaomba. Sauti yenyewe ilikuwa imekauka.

"Huyu hana haya," akasema Nyani.

"Tutasubiri," akasema Tembo.

Wakasubiri. Jua likapanda, likapinduka, likaligusa jiwe. Jiwe likameremeta lote. Ukatokea mto, wanangu. Mto wao uleule uliokauka, kona kwa kona, mpaka viwimbi vyake. Punda Milia akatoa ulimi anywe, ukakutana na jiwe. Nyani akajishika kichwa. "Kona ile ndipo nilipozaliwa," akasema, na machozi yakamtoka.

Tembo akapiga magoti. Mimi sijasikia Tembo akimpigia mtu magoti, lakini siku ile alipiga.

"Mwanangu, umechora kwa rangi gani?"

"Kwa maji yangu, Mzee. Yamekwisha."

Tembo akamwinua kwa mkonga, mbio, ndundundundu, akamweka ukingoni mwa kisima. Konokono akanywa, akanywa, akanywa. Akakaa palepale mpaka mvua zikaja.

Basi nyie wepesi wa kucheka, sikieni: kazi ya mwenzio usiihukumu kabla jua halijaifikia, maana hujui ameifanya kwa kitu gani.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu akanywe.