Sura ya Mzee Kipingu

Bisheni mpaka koo ziwakauke, Kilosa nzima hakuna mchapa fulana wa kunifikia mimi, Mwinshehe. Mwenye kibanda nilichopanga, Mzee Kipingu, alinijia kifua mbele.

"Jezi za timu yangu zitie sura yangu kifuani. Bure! Ukikataa, kesho hama."

"Mzee wangu, sura kama hii ni ya kuenziwa. Nichape kwa wino au nibandike? Wino unadumu. Ya kubandika inang'aa, ila haitaki pasi ya moto."

"Bandika! Na pasi nitapiga mwenyewe. Timu yangu haivai makunyanzi!"

Siku ya fainali, wachezaji walipotokwa jasho, sura zikaanza kubanduka. Kufika mapumziko, zote zilikuwa nyasini. Mzee akainuka anifokee, lakini uwanja mzima ukampigia makofi, diwani akamkumbatia. Akabaki kupunga mkono, meno nje. Kibanda ninacho mpaka leo.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Kabla ya kubandika zile sura, nilitangulia kuchapa kwa wino kwenye kila jezi, palepale ambapo sura ingefunika: "Mzee Kipingu kampa Mwinshehe kibanda bure mwaka mzima. Mungu ambariki."